Nimechaguliwa kuingia baraza la chuo, naombeni mwongozo: chuo kikuu kipo kwa ajili ya nini hasa?

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo yenu, hasa nyie mnaofundisha vyuoni au mliowahi kukaa kwenye vikao vya juu vya vyuo. Wenzangu wamenichagua kuwa mwakilishi wa wanafunzi kwenye baraza la chuo, kikao changu cha kwanza bado ila makabrasha nimeshaletewa, na humo ndani kuna mambo mawili yamenikosesha usingizi.

La kwanza, menejimenti inapendekeza idara ya falsafa ifungwe na historia imezwe na idara nyingine, sababu iliyoandikwa ni wanafunzi wanaojiunga ni wachache na idara haijilipi. La pili, kuna mfadhili anataka kuanzisha kiti cha profesa (yaani nafasi ya profesa inayolipiwa na hela yake) kwenye kitivo cha biashara, hela ni nyingi kwelikweli, lakini kwenye rasimu ya mkataba kuna kipengele kwamba jina la huyo profesa lazima mfadhili aliridhie, na kila baada ya muda akae na chuo kupitia mwelekeo wa utafiti.

Mimi nasoma takwimu, sio mwanafalsafa. Makabrasha yote yale karibu kila ukurasa ni majedwali ya mapato na matumizi, sijaona hata aya moja inayosema chuo kipo kwa ajili ya kazi gani. Nikiwauliza wenzangu wananiambia chuo ni upate cheti upate kazi basi, anayetaka falsafa akajisomee mwenyewe, na siwezi kuwabeza maana wengi wetu familia zimejinyima sana ili ada ilipwe. Ila moyoni naona kuna kitu kikubwa hakisemwi na sijui nikiseme vipi mbele ya watu wazima wenye uzoefu wao. Kwahiyo naomba mnisaidie, chuo kikuu kipo kwa ajili ya nini hasa, na mjumbe wa baraza akiwa anaamua anatakiwa aongozwe na nini? Na mimi niliyetumwa na wanafunzi, kazi yangu ni kuwatetea wao tu au kuna zaidi?

Mzee wa Seneti

Hongera sana kijana wangu, na nimefurahi umeuliza kabla ya kikao sio baada.

Naanza na swali lako la mwisho maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Ukishaketi kwenye baraza wewe sio wakili wa wanafunzi tena, wewe ni mdhamini wa chuo kizima kama wajumbe wengine wote. Wanafunzi wamekutuma ukapeleke macho yao, maana wewe unaona vitu ambavyo mjumbe aliyetoka kwenye kampuni hawezi kuviona, unajua darasa gani linafundishwa ovyo na maktaba inafungwa saa ngapi. Lakini kura yako inakwenda kwa faida ya chuo, na kwenye hicho chuo wamo wanafunzi ambao hata hawajazaliwa bado, na wamo watu ambao hawatakanyaga darasani hata siku moja ila watatibiwa, watahukumiwa na kufundishiwa watoto wao na mliowapa shahada. Hao hawana mwakilishi mezani. Baraza zima ndio mwakilishi wao.

Sasa kazi ya chuo. Watu wanabishana nayo tangu mwanzo kabisa, na ukiangalia utaona ubishi wa kazi ya chuo na ubishi wa nani anaamua huwa vinakwenda pamoja. Bologna, ambako kwa mapokeo wanahesabu kuanzia mwaka 1088, wanafunzi ndo walioshika mpini. Walikuwa na chama chao, wanawaajiri walimu, mwalimu akichelewa kuanza somo anatozwa faini, akitaka kusafiri aombe ruhusa. Paris ikawa kinyume chake, chama cha walimu ndicho kilichokuwa na nguvu, na mwaka 1229 wanafunzi kadhaa walipouawa na askari wa mji walimu wakasimamisha masomo, wengi wakafungasha wakaondoka, ikachukua kama miaka miwili mpaka Papa Gregori wa Tisa akatoa hati mwaka 1231 ya kuwalinda na kuwapa haki ya kujitungia kanuni zao. Yaani ile haki ya chuo kujiendesha haikushuka tu, watu waliigharamia.

Halafu njoo Berlin mwaka 1810, chuo alichokibuni Wilhelm von Humboldt. Wazo lake ambalo mpaka leo vyuo vingi vinaliishi bila kujua limetoka wapi ni kwamba elimu ichukuliwe kama kitu ambacho bado kinatafutwa, hakijafika mwisho na hakitafika. Kwahiyo anayefundisha awe anatafiti, na mwanafunzi asiwe chombo cha kumiminiwa, awe mshiriki kwenye huo utafutaji. Hapo ndipo mimi naona tofauti ya shule na chuo kikuu. Shule inakukabidhi yale yaliyokwisha kukubalika. Chuo kikuu kinakupeleka mahali ambapo hayo yaliyokubalika yanaulizwa tena yamejulikanaje kuwa kweli, na unafundishwa kuvumilia jibu usilolipenda kama ushahidi unalibeba. Jamii inahitaji mahali pamoja angalau ambapo mtu analipwa kusema kitu si kweli hata kama mwenye hela au mwenye madaraka anataka kiwe kweli. Ukiondoa hilo ukabakiza cheti na kazi umebaki na kituo cha mafunzo, na vituo vya mafunzo vina heshima yake kabisa ila usikiite chuo kikuu.

Kwa ishu ya falsafa swali lako la kwanza kwenye kikao liwe rahisi tu: seneti, yaani chombo cha chuo cha mambo ya kitaaluma, imesemaje? Kufungua na kufunga masomo ni uamuzi wa kitaaluma, unatakiwa uchambuliwe kwanza na wanaojua maudhui, halafu baraza linaangalia kama mchakato ulikuwa wa haki na kama chuo kinamudu. UNESCO kwenye pendekezo lake la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu imesema wazi kwamba walimu wawe na haki ya kuchagua wengi wa wawakilishi kwenye vyombo vya kitaaluma vya chuo. Kama pendekezo limeruka seneti likaja moja kwa moja kwenu, hapo kabla hata ya kujadili falsafa kuna kasoro.

Hesabu Kamili

Nakubaliana na Mzee kwa mengi ila naomba nisimame upande wa pili kidogo maana nafanya kazi ofisi ya fedha ya chuo (sio hicho cha mleta mada) na huwa tunaonekana kama maadui wa elimu.

Bajeti nayo ni suala la maadili. Chuo kikishindwa kulipa mishahara wa kwanza kuumia ni wahadhiri wa mikataba ya muda na wanafunzi wenye uhitaji. Halafu tusijifanye kwamba maprofesa wakiachiwa kila kitu mambo yatanyooka, idara inaweza ikaendesha kozi zilezile muda mrefu kwa sababu tu hakuna anayetaka kumgusa mwenzake. Huyo huyo Humboldt aliyetajwa hapo juu alitaka uteuzi wa maprofesa ubaki mikononi mwa serikali, hakuwaamini wachaguane wenyewe, aliogopa makundi. Kwahiyo uhuru wa kitaaluma ni jambo moja na kutoulizwa na mtu ni jambo jingine.

Baada ya kusema hayo, mleta mada, hilo neno "haijilipi" ndo ulikamate vizuri na we ni mtu wa takwimu utanielewa haraka. Gharama za idara zipo za aina mbili. Kuna za moja kwa moja, mishahara ya walimu wake, vifaa, safari. Halafu kuna za pamoja, umeme, maktaba, ulinzi, ofisi ya msajili, mishahara ya uongozi, na hizi zinagawanywa kwa kila idara kwa kanuni ambayo watu wameketi wakaamua. Inaweza kugawanywa kwa idadi ya wanafunzi, kwa ukubwa wa majengo, kwa idadi ya wafanyakazi, na kila kanuni inakupa idara tofauti yenye hasara! Idara ikifungwa gharama za moja kwa moja zinaondoka, za pamoja hazipungui, zinahamia kwa waliobaki, mwaka unaofuata kuna idara nyingine nayo inaonekana haijilipi. Nimeona mlolongo huo ukianza na hausimami wenyewe.

La pili uliza falsafa inafundisha nani. Mara nyingi idara kama hizi wanafunzi wao wenyewe ni wachache lakini wanafundisha mantiki kwa watu wa sheria, maadili ya utabibu kwa madaktari, na ada ya wale wanafunzi inahesabiwa kwenye vitivo vyao. Kazi inafanyika huku mapato yanaandikwa kule. Na falsafa haina maabara, ni watu na vitabu, kwa kawaida ni katika masomo ya bei nafuu kabisa kuyaendesha. Omba jedwali la saa za kufundisha kwa wanafunzi wote wa chuo sio waliosajiliwa kwenye idara tu. Wakikuambia hawana hilo jedwali basi pendekezo limeletwa bila kufanyiwa kazi.

Ila ukishapewa namba za kweli na zikaonyesha kweli hakuna namna, uwe tayari kuzikubali. Huwezi kudai chuo kiheshimu ushahidi halafu wewe uukimbie.

Nyota Saba

Mi naona mnakuza mambo. Siku hizi mihadhara ya vyuo vikubwa ipo bure mtandaoni, falsafa mtu anasikiliza akiwa kwenye basi. Chuo kibaki na vitu vinavyohitaji vifaa na mitihani.

Binti Fundi

Nyota Saba kusikiliza ni kuzuri na mi nasikiliza pia, ila mhadhara wa kwenye simu haukuulizi swali wala haukukatalii hoja yako mbele ya watu. Kilichonijenga mimi chuoni ni kurudishiwa kazi imeandikwa "umefikaje hapa?" na mwalimu ananisubiri nijibu.

Mi ni injinia, na naongea kwa sababu mara nyingi mijadala hii tunawekwa upande wa "wale wa kazi" kama vile sisi hatuhitaji hayo mambo ya busara. Chukulia ajali ya chombo cha anga cha Challenger, 28 Januari 1986, watu saba walikufa. Ujuzi haukukosekana. Mainjinia wa kampuni iliyotengeneza zile roketi za kusukuma usiku wa kuamkia siku hiyo walipinga kurusha, walisema baridi ile itazifanya pete za mpira za kuzibia viungo zisifanye kazi yake, na ndivyo ilivyotokea. Walikuwa na michoro na data. Wakuu wao wakageuza pendekezo baada ya shinikizo. Sasa niambieni hiyo ni kozi gani ya ufundi ingeziba pengo hilo? Pale palihitajika meneja anayejua kwamba kutokuwa na uhakika kunatakiwa kumlemea anayetaka kurusha sio anayezuia, na watu waliozoea kubisha kwa hoja na kubishiwa bila kuona wamedharauliwa. Hiyo ni mantiki, ni maadili, ni historia ya makosa ya waliotangulia. Hizo idara mbili zinazopendekezwa kufungwa na kumezwa ndo zenye hayo.

Na wanaosema chuo ni kazi tu wala siwapingi kwa ukali, mi mwenyewe nilikwenda nikitaka kazi na nimeipata. Ninachosema kazi yenyewe inabadilika kila baada ya miaka michache, programu nilizofundishwa chuoni nusu hazitumiki tena, kilichobaki ni namna ya kufikiri. Ukipunguza chuo mpaka kitoshee soko la leo unawaibia wanaotarajia kufanya kazi miaka arobaini.

Dirisha la Mashariki

Naona ile ishu ya pili, ya mfadhili, watu wameiruka na kwangu mimi ndo hatari zaidi, maana idara ikifungwa kila mtu anaona, lakini kipengele kwenye mkataba hakionekani.

Soma habari ya Stanford mwaka 1900. Chuo kilianzishwa na familia tajiri ya reli, mama mwenye chuo Jane Stanford akachukizwa na kauli za profesa mmoja wa uchumi, Edward Ross, kuhusu mambo ya reli na wafanyakazi wahamiaji, akataka aondoke na akaondolewa. Na niseme ukweli, kauli za Ross dhidi ya wahamiaji wa Asia zilikuwa za kibaguzi na za aibu, sio mtu wa kumpamba. Lakini walimu kadhaa walijiuzulu kupinga, mmojawapo mwanafalsafa Arthur Lovejoy, kwa sababu waliona kama mwenye hela anaweza kumwondoa huyu kwa kauli mbaya kesho atamwondoa mwingine kwa kauli nzuri. Lovejoy huyo huyo mwaka 1915 akawa kati ya walioanzisha chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya Marekani, rais wa kwanza John Dewey, na uhuru wa kitaaluma kule ukaanza kupata kanuni zilizoandikwa badala ya kutegemea huruma ya mwenye chuo.

Au chukua London School of Economics, hii ni ya karibuni. Mwaka 2009 baraza lao lilikubali msaada wa pauni milioni 1.5 kutoka taasisi iliyoongozwa na Saif al-Islam Gaddafi, mtoto wa Muammar Gaddafi aliyekuwa akiitawala Libya, ambaye mwaka uliotangulia alipata udaktari pale pale. Profesa mmoja mstaafu mtaalamu wa Mashariki ya Kati, Fred Halliday, aliwaandikia kupinga. Hela ikapita. Mwaka 2011 Libya ilipolipuka mkurugenzi wa chuo Howard Davies akajiuzulu, na jaji mstaafu Lord Woolf akafanya uchunguzi, ripoti yake ikaonyesha udhaifu mkubwa wa namna chuo kilivyochunguza chanzo cha ile misaada. Hela zenyewe zilizokwisha kupokelewa zilikuwa pauni laki tatu tu! Kinachonigusa ni kwamba mtu aliyejua alisema, kwa maandishi, mapema, na kikao kikasonga mbele.

Kwahiyo mleta mada, mfadhili kuchagua eneo la utafiti ni kawaida, akisema hela hii ni ya utafiti wa biashara ndogo hakuna shida, chuo kinaweza kukubali au kukataa. Mfadhili kuchagua mtu, au kupitia majibu ya utafiti, hapo hapana. Kura ya turufu juu ya jina la profesa maana yake kila anayeomba nafasi ile ataandika akijua nani anasoma, na wale wenye majibu magumu hawataomba kabisa. Hutamwona aliyezuiwa maana hakufika. Mwambie mwenyekiti kipengele kitoke, jina litoke kwenye kamati ya uteuzi ya chuo, na mkataba wote uwekwe wazi kwa seneti. Mfadhili mwenye nia njema huwa anakubali.

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Aisee nashukuruni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Nina mawili zaidi. Nimegundua mmoja wa wajumbe ni mshirika wa biashara wa huyo mfadhili, sijui kama nilitaje au nitaonekana nina vita naye. Na kwenye makabrasha kuna muhuri wa siri, je naweza hata kuwauliza walimu wa falsafa?

Halafu Mzee swali langu jingine, chuo kikijiendesha chenyewe na wasomi wake ndo dhamana kwamba kitatenda haki?

Mzee wa Seneti

Hapana sio dhamana, na nashukuru umeuliza. Ujerumani ndo kwa Humboldt mwenyewe, na mwaka 1837 pale Göttingen maprofesa saba, wakiwemo ndugu wawili Grimm wale wa hadithi, walifukuzwa kwa kukataa mfalme alipoifuta katiba ya Hanover. Chuo hicho hicho mwaka 1933 ilipotoka sheria ya Aprili ya kuwaondoa Wayahudi kwenye utumishi kilimpoteza Emmy Noether, Max Born, Richard Courant, watu waliokuwa kilele cha hisabati na fizikia duniani, na wenzao wengi walinyamaza, baadhi wakashangilia. Usomi ulikuwepo tele. Kwahiyo kanuni peke yake haitoshi kama wanaokaa kwenye vikao hawako tayari kugharamika, lakini bila kanuni hata yule mmoja aliye tayari anakosa pa kusimamia. Vyuo vilipokutana Bologna 18 Septemba 1988 kusaini hati yao kuu waliandika uhuru wa chuo mbele ya mamlaka za kisiasa na kiuchumi, na wa kiuchumi ndio kwa sasa unaotikiswa kimyakimya zaidi.

Mgongano wa maslahi: usimtaje mtu. Ajenda inapofunguliwa muombe mwenyekiti kila mjumbe atangaze maslahi yake kwenye kila jambo, anza wewe na yako. Kama mwenye uhusiano akinyamaza, mwandikie katibu wa baraza kabla ya uamuzi, kwa adabu, ukieleza unachokijua na umekijuaje. Aliyetangaza maslahi anatoka chumbani jambo lake linapojadiliwa, sio kukaa kimya tu.

Siri: makabrasha usiyasambaze, hilo ni kosa na litakuondolea heshima. Lakini hakuna muhuri unaokuzuia kumuuliza mwalimu wa falsafa anafundisha nani na saa ngapi. Na ukishindwa kwenye kura, omba pingamizi lako liingie kwenye kumbukumbu za kikao kwa jina na sababu. Atakayekuja kuzisoma baadaye ajue lilisemwa.

Hesabu Kamili

Naongezea tu ya kiutendaji. Barua ya kuomba lile jedwali ipeleke mapema kwa katibu wa baraza, sio siku ya kikao, maana siku ya kikao watakuambia muda hautoshi. Omba vitu vitatu kwa maandishi: kanuni ya kugawa gharama za pamoja, saa za kufundisha kwa wanafunzi wa chuo kizima, na nini kilitokea kwenye bajeti mara ya mwisho idara ilipofungwa kama iliwahi kufungwa. Ukipata namba na zikikuchanganya ziweke hapa bila jina la chuo, nitakusaidia kuzisoma.